Deni la Mwenye Kuuliza

Kuuliza ni mlango wa elimu. Mtu asiyeuliza hujifungia mwenyewe nje ya maarifa, na taifa lisilouliza huongozwa kwa kubahatisha. Kwa sababu hiyo uulizaji umesifiwa na wenye hekima wa kila zama, na vyuo vikuu vimeufanya kuwa kazi yenye heshima na daraja zake. Lakini swali halina uzito mmoja katika kila kinywa wala katika kila sikio. Watu wawili walio sawa wakiulizana, kila mmoja ana hiari ya kujibu au kunyamaza. Mwenye shibe akimwuliza mwenye njaa, mwenye pasi ya kusafiria akimwuliza aliyefukuzwa kwao, hiari ya yule wa pili ni ndogo sana. Hapo ndipo izukapo shaka ya maadili: kwa haki gani mwenye elimu humwendea mtu aliyepoteza nyumba, shamba na jamaa, akamtaka pia habari zake, ambazo pengine ndizo mali ya mwisho iliyomsalia?

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Afrika ya Mashariki upo magharibi ya Tanzania. Mwaka 1972 mauaji makubwa ya Wahutu yalitokea Burundi, na makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuokoa roho zao. Wengi walipelekwa katika makazi yaliyofunguliwa porini: Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Huko methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ilitimia kwa ukamilifu: walifyeka msitu, wakalima, wakajilisha. Wengine hawakwenda makazini. Walijichanganya na wenyeji wa mji wa Kigoma wakitafuta riziki. Katika miaka ya 1985 na 1986 mtaalamu wa elimu ya binadamu na desturi zake, Liisa Malkki, alikaa na makundi yote mawili, na kitabu chake, Purity and Exile, kilitoka mwaka 1995. Alikuta kwamba watu wa Mishamo walisimulia historia ya msiba wao kwa bidii, kama fundisho la kukabidhiwa watoto; ilhali wale wa Kigoma hawakupenda kutambulikana kwa ukimbizi wala kwa kabila. Waliishi kama wenyeji, na baadhi yao walijiita Waha au watu wa Kigoma tu.

Tofauti hii ina fundisho kubwa kuliko inavyoonekana kwa mtazamo wa kwanza. Kwa mtu wa Mishamo, kuulizwa yeye ni nani na ametoka wapi kulikuwa nafasi ya kutoa ushahidi. Kwa mtu wa Kigoma, swali hilo hilo lilikuwa hatari. Kwake ukimya ulikuwa chombo cha kazi, kama wavu ulivyo kwa mvuvi, maana ndio uliomwezesha kuuza sokoni na kulala bila ya wasiwasi. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1997 wanajeshi wa Tanzania waliwakusanya wakimbizi waliokuwa wakiishi vijijini karibu na mpaka wa magharibi, wakawapeleka makambini. Miongoni mwao walikuwamo Warundi waliokwisha kukaa humo miaka mingi. Hapana kitabu kilicholeta jambo hilo; lilizaliwa na vita vya Burundi na mashaka ya dola. Lakini laonyesha kilichokuwa nyuma ya ukimya, na kwa nini kufuta majina ya watu katika maandishi hakutoshi. Jina likifutwa ilhali njia ya kujificha imeelezwa, aliyelindwa ni mmoja na waliofichuliwa ni wengi.

Katika habari za kazi shida hii ni kali zaidi. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 ilimtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa na asitoke bila ya kibali. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na zaidi ya mara moja mgao wa chakula humo ulipunguzwa kwa uhaba wa fedha za wafadhili. Hivyo mtu alisimama baina ya njaa na kosa: ama akae na mgao usiotosha, ama atoke akalime kibarua katika shamba la jirani. Mchunguzi akimjia mtu kama huyo na karatasi, akamwuliza anafanya kazi gani, kwa nani, na kwa ujira gani, haulizi habari ya uchumi peke yake, anaomba ungamo. Jibu la kweli lamtia hatarini anayejibu pamoja na aliyempa kazi. Jibu la uongo laharibu elimu.

Yupo atakayesema kwamba, mambo yakiwa hivyo, afadhali wachunguzi wakae majumbani mwao. Shauri hilo lina huruma lakini halina haki. Barbara Harrell-Bond alipochunguza misaada iliyopewa wakimbizi wa Uganda kusini mwa Sudan, kitabu chake cha mwaka 1986, Imposing Aid, kilionyesha jinsi wafadhili walivyoamua mambo ya watu bila ya kuwasikiliza wenyewe. Asiyeuliza naye hudhulumu, kwa kuwa huwagawia watu asiowajua kitu asichojua kama wanakihitaji. Tena, mwaka 2007 watu wa makazi matatu yaliyotajwa waliulizwa kama walitaka kurudi Burundi au kuwa raia wa Tanzania. Karibu wanne katika kila watano walichagua kubaki, na takriban 162,000 walikubaliwa uraia. Hilo lilikuwa swali jema, kwani lilimtambua anayejibu kuwa mwenye akili na mwenye maisha yake. Hata hivyo ugawaji mkubwa wa vyeti vya uraia ulingoja hadi mwaka 2014, na katika muda huo watu waliishi bila ya kujua kama wangehamishwa tena. Swali jema nalo huumiza likiachwa bila ya mwisho.

Basi kuna kuuliza kama mdai, na kuna kuuliza kama mdaiwa. Mdai hutosheka na sahihi au alama ya kidole gumba. Mdaiwa hujua kwamba kambini kila mgeni mwenye karatasi hudhaniwa kuwa mmoja wa wagawaji wa chakula, na kwamba anayekubali pengine anaogopa jina lake kukatwa katika orodha. Ridhaa ni ridhaa pale tu kukataa kusipomgharimu mtu kitu. Kwa hiyo mdaiwa hutangulia kusema asichoweza kukitoa. Huuliza yaliyo ya lazima kwa kazi yake na kuzuia udadisi wake. Hufanya kazi kwa uangalifu, maana uchunguzi hafifu huhatarisha watu pasipo kuongeza elimu. Na hurudisha matokeo kwa wale waliomfundisha. Wanyonge wenyewe wameanza kulidai deni hili. Mwaka 2017 Wasani wa Afrika ya Kusini, ambao nao wana historia ndefu ya kuondolewa katika ardhi yao na kuchunguzwa na wageni, walitangaza kanuni zao kwa watafiti, wakataka heshima, ukweli, haki na utunzaji.

Sehemu ya mwisho ya deni ndiyo nzito kwa msomi. Hutokea swali zuri kabisa, ambalo jibu lake lingempatia shahada na sifa, lakini lingeweza kumtoa mtu kazini au mjini. Kuliacha swali hilo huonekana kama pengo katika maandishi yake, na huenda wenzake wakamlaumu kwa uvivu au woga. Na aivumilie lawama hiyo. Yeye ana njia ya kurudi kwao, aliyejibu hana. Habari aliyopewa ilikuwa amana, na mwenyewe angali pale kambini, angali anaihitaji ili aishi.