Tasnifu Haiandikwi Faraghani

Mwalimu wa Nyaramba, katika Kaunti ya Nyamira, aliyejiunga na shahada ya uzamili, ambaye mchana hufundisha na usiku, majani chai yakiwa yameshapelekwa kituoni na kupimwa, huketi mbele ya taa akiandika tasnifu yake, aghalabu hudhani kwamba ilimu ya namna hiyo hupatikana kwa faragha na kalamu tu. Nami sikubaliani naye.

Katika miaka ya 1930 Jomo Kenyatta alihudhuria mjini London semina ya ustadhi wa anthropolojia Bronislaw Malinowski, ambamo mwanafunzi alisoma makala yake mbele ya wenziwe, akahojiwa, akapingwa, kisha akarudi kuyasahihisha. Na katika kazi hiyo ndimo kilimotoka kitabu chake *Facing Mount Kenya*, kilichochapishwa mwaka 1938 na kutiwa dibaji na Malinowski mwenyewe. Sidai kwamba kitabu kile hakina ila (wapo wanazuoni waliokikosoa, tena kwa insafu), lakini yamkini bila baraza lile kisingaliandikwa.

Tangu Chuo Kikuu cha Kisii kilipopewa hati mwaka 2013, mtu wa Nyamira hana haja ya safari ndefu kulitafuta baraza kama hilo. Lililobaki ni kulihudhuria na rasimu mbovu mkononi, maadamu anayengoja sura ikamilike ndipo aionyeshe humnyima msimamizi fursa ya kumwambia, mapema, kwamba swali lake ni pana mno. Na msimamizi akikawia kujibu, amwandikie tena, kwa adabu, akimtajia ukurasa.