Kompyuta ya Masomo

Siku wageni walipotembelea kituo chetu cha vijana hapa Kakuma, mtoto wa miaka kumi na minne alibonyeza vitufe viwili haraka, mpira ukapotea kwenye skrini, ikatokea barua ya kuomba kazi iliyoandikwa nusu. Wageni wakatabasamu. Mmoja akamwambia, "Vizuri sana, endelea." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na aibu ikanishika, maana ule ujanja wa vitufe nilimfundisha mimi. Nalipwa posho ili nimfundishe mambo mema.

Tangu siku ile kuna swali linanisumbua. Mtu anayeishi kwa msaada, je, ana ruhusa ya kutumia pesa yake kwa mchezo tu? Na kama anayo, kwa nini tunajificha?

Nianze na mashine yenyewe. Ni kompyuta ya mezani ya ofisi, yenye prosesa ya Core i5 kizazi cha pili, ile ya mwaka 2011. Tulipewa kwa ajili ya mafunzo ya kuchapa. Kuwaka tu ilikuwa dakika nne. Ukifungua mpira, wachezaji wanakimbia kama wamevaa gamboti kwenye matope. Vijana kumi na mmoja, wa kiume wanane na wa kike watatu, wakanijia: "Kaka, tuichangie." Tukakubaliana shilingi 50 kwa wiki kila mmoja, kwa wiki kumi na sita. Ikafika 8,800, nami nikaongeza 200.

Usifikiri ni kununua na kuchomeka tu. Sanduku lake ni lile jembamba, kwa hiyo kadi ya picha ya kawaida haiingii, lazima iwe fupi. Tena umeme wake ni wati 240 tu, na hakuna waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Kijana mmoja alikuwa ameota kadi yenye feni mbili aliyoiona kwenye video. Tulikaa naye na kalamu tukapiga hesabu mpaka ndoto ikaisha. Tukachagua GT 1030, kadi ndogo inayotumia wati 30 hivi, ambazo inazipata palepale ilipochomekwa kwenye bodi.

Kufika Nairobi kununua mwenyewe, kwa sisi, ni habari ya kuomba kibali cha safari. Tukamtuma mtu Luthuli, mzigo ukaja na basi. Tukafungua kwa furaha, kumbe ramu iliyoletwa ni ya laptopu! Ni fupi, haishiki hata kidogo. Kosa letu, tuliandika "ramu 4GB" tukasahau kuandika ya nini. Kubadilisha ikatugharimu 300 nyingine. Mwisho wa yote hesabu ilikaa hivi: ramu 1,200, kubadilisha 300, diski ya SSD 2,600, kadi iliyotumika 4,500, nauli ya mizigo 400. Shilingi 9,000 kamili.

Halafu tukaifungua. Ndani mlikuwa na vumbi la Kakuma kama unga wa muhogo, feni haizunguki vizuri, na ile pasti iliyo kati ya prosesa na kipoza imekauka kama chokaa. Kwa joto la huku, mashine ilikuwa inajipunguzia kasi ili isiungue. Kuisafisha hakukutugharimu kitu, na nadhani kulisaidia karibu sawa na ile ramu. Siku tulipoiwasha na diski mpya, ikafunguka kabla hata hatujamaliza kuhesabu thelathini. Watoto wakapiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Jirani mmoja aliyekuja ni mama wa kijana wetu mmoja, mama kutoka Kivu. Alitazama, akaniuliza polepole: "Mwanangu, hii mpira ya mashini, batoto batakula?" Hakuwa anatania. Mwanawe alikuwa ameuza chupa ya mafuta ya nyumbani kwa shilingi 300 ili alipe wiki sita alizokuwa amechelewa. Na hiyo ni wakati mgao umepunguzwa, kila mtu anajua. Kwa bei ya duka letu, 9,000 ni pakiti sitini za unga. Nimeihesabu mara nyingi usiku, inatoka sitini kila mara.

Nilimjibu mama kwa maneno tuliyozoea kwenye semina: mchezo unawaweka vijana mbali na maovu, wanajifunza kompyuta, kesho watapata kazi. Na si uongo, maana wawili kati yao sasa wanafungua mashine za watu na kuzisafisha kwa malipo. Lakini nilipokuwa nasema hivyo nilisikia kwamba nakwepa. Hatukuchanga kwa ajili ya kazi. Tulichanga kwa sababu tulitaka kucheza mpira Jumamosi, tufungane, tupigiane kelele. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 una kifungu cha 31, kinachosema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Tamko la 1948 nalo, kifungu cha 24, linampa kila mtu haki ya mapumziko. Mimi nafundisha haki za watoto kila mwezi: chakula, shule, ulinzi. Kifungu cha 31 huwa nakiruka, naona kama anasa. Kijana wa mjini akinunua kompyuta ya kuchezea hakuna anayemwomba aeleze itamsaidiaje kupata kazi. Sisi hata furaha tunaiandikia sababu, kama dawa inayotoka kliniki.

Lakini sitaki kulifuta swali la mama kwa vifungu. Yeye anaruhusiwa kuuliza, kwa sababu yale mafuta yalikuwa ya chungu ambacho watu sita wanakula. Mtoto akiuza chakula cha wadogo zake ili achezeshe timu, hiyo si haki ya mtoto tena, amewanyang'anya wenzake. Na kosa ni langu pia: nilipokea 300 kwa mkupuo kutoka kwa kijana ambaye wiki sita hakuwa na 50, na sikumuuliza amezipata wapi. Nilikuwa naiwaza kadi.

Wageni ni jambo jingine. Hawakuuliza kitu. Ni sisi tuliodhani kwamba mtu akituona tunacheka mbele ya skrini ataona hatuna shida, na msaada utakwenda kwingine. Sijui kama woga ule una msingi kwa kila mgeni, ila nilimpa mtoto wa miaka kumi na minne aubebe, akajifunza kwamba mtu mwema akiingia, furaha inafichwa.

Kulikuwa na fomu pia. Tulipoomba ruhusa ya kubadilisha vipuri, kwenye matumizi niliandika "masomo". Neno moja tu. Na masomo yapo kweli, Jumatatu hadi Ijumaa, na sasa yanaenda kwa kasi zaidi kuliko mwanzo. Hata hivyo aliyetupa kompyuta alistahili kuambiwa kuhusu Jumamosi, maana kitu ulichopewa kwa kazi fulani hakiwi chako kwa kila kazi kwa sababu tu kimelala kwako.

Mwezi uliopita nikamwambia dada anayesimamia kituo. Nilitegemea atakasirika au atacheka. Alinyamaza, kisha akasema, "Ungeniuliza mwanzo, ningekataa. Siyo kwamba ni vibaya. Kwenye ripoti yangu hakuna mahali pa kuandika jambo kama hilo." Nikamwonea huruma kidogo. Kumbe na yeye ana vitufe vyake viwili.

Fomu ya muhula huu nimeijaza upya. Kwenye matumizi nimeandika: masomo, na mpira Jumamosi saa nane hadi saa kumi na moja. Haijarudi bado. Yule mama tunamlipa mafuta yake, shilingi 50 kila Jumamosi, kabla ya mechi ya kwanza kuanza. Zimebaki awamu mbili.