Sanaa Katika Chuo Kikuu ni Mali ya Nani?

Katika vyuo vikuu vingi siku hizi iko nyumba iliyotengwa kwa ajili ya sanaa. Ndani yake mna ukumbi wa muziki, na chumba cha kutundikia picha, na mahali pa kuchongea na kufinyangia. Kwa siku zilizopangwa watu hualikwa: jioni hii watasikiliza ngoma na zeze, na juma lijalo watatazama picha za wanafunzi. Wengi huyahesabu mambo hayo kuwa burudani tu, ya kumpumzisha msomi aliyechoka na vitabu vyake. Lakini limo ndani yake swali la haki, nalo lafaa kuulizwa na kila mwalimu na kila mzazi. Sanaa iliyowekwa katika nyumba ya chuo kikuu ni mali ya nani? Tena, aliyeiweka ana wajibu gani kwa wale ambao ilitoka kwao?

Nionavyo mimi, jibu limo katika neno moja ambalo sote twalijua tangu utoto, nalo ni amana. Mtu aliyewekewa amana si mwenye mali. Yampasa ailinde isiharibike, asijifanye kuwa yeye ndiye mwenyewe, na airudishe inapotakiwa. Ili maneno haya yasiwe ya hewani, na tutazame mambo yaliyotukia Uganda, maana huko sanaa na chuo kikuu vimekaa pamoja kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine nyingi za Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha uchoraji barazani pa nyumba yake Kampala. Hakikuwako chumba cha maonyesho, wala hakuna aliyeahidiwa shahada. Yeye hakupenda wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Aliwasimulia kisa, au jambo la maisha ya kila siku, kisha akamwacha kila mmoja achore kama alivyoliona moyoni mwake. Mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London. Baadaye mafundisho hayo yakawa sehemu ya Chuo cha Makerere, na shule ya sanaa ya chuo hicho ikapewa jina lake. Mwaka 1969 ikafunguliwa nyumba ya maonyesho ya picha na vinyago. Hivyo kazi iliyoanzia barazani ikapata kuta na mlango. Na mlango una tabia mbili: humkaribisha mtu, na humzuia mtu.

Katika wanafunzi wa Makerere walikuwamo watu wawili waliozaliwa katika nchi ya Kilimanjaro, nao watatusaidia kuliona swali letu. Wa kwanza ni Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyechora migomba, na kulima, na kuvuna, na watu wakienda pamoja katika shughuli zao. Picha yake moja ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imo katika jumba la sanaa mpya la New York, Marekani. Wa pili ni Elimo Njau, aliyechora picha tano kubwa katika kanisa la Fort Hall, ambako sasa huitwa Murang'a, akaimaliza kazi hiyo mwaka 1959. Alichora maisha ya Yesu, lakini nchi iliyomo katika picha hizo ni nchi ya Wakikuyu, na watu waliomo ni Waafrika.

Je, ni ipi kati ya kazi hizo mbili iliyokaa mahali pa haki? Mtu mwepesi atajibu kwamba ni ile ya Murang'a, kwa sababu mkulima aweza kuingia na kuitazama pasipo kulipa nauli ya ndege. Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini halitoshi. Ile picha iliyo New York imewafundisha watu wa mbali kwamba huku nako kuna arusi, na heshima, na uzuri wa usiku. Mchoraji aliiuza kwa hiari yake, wala hakumnyang'anya mtu kitu. Ubaya hauko katika safari ya picha. Ungekuwako kama watu wa Machame wasingejua kabisa kwamba maisha yao yametundikwa mahali pa heshima, na kama watoto wao wasingeonyeshwa hata nakala yake shuleni.

Sasa na tuje katika muziki, maana hapo jambo ni zito zaidi. Picha iliyofungiwa chumbani hubaki picha, lakini ngoma isiyopigwa ni mti na ngozi tu.

Katika ikulu ya Kabaka wa Buganda palikuwa na ngoma ziitwazo entenga. Jumla yake ni 15. Ngoma 12 zimewambwa kwa ustadi hata kila moja ikawa na sauti yake, mfano wa mbao za marimba, nazo hupigwa na watu wanne. Zile kubwa tatu zilizosalia hupigwa na watu wawili. Zilikuwa ngoma za Kabaka peke yake. Tena yalikuwako marimba yaitwayo amadinda, yenye mbao 12 zilizolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji wawili huketi wakikabiliana. Mmoja hupiga mapigo yake, na mwenzake hutia ya kwake katika nafasi zilizoachwa kati. Ukimsikiliza kila mmoja peke yake utasikia jambo jepesi, lakini wakipiga pamoja husikika nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga. Kisha wa tatu huziokota sauti fulani katika mchanganyiko huo, akazipiga juu katika mbao mbili ndogo za mwisho, na wimbo ukadhihirika.

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali yaliishambulia ikulu ya Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza, akafa huko mwaka 1969, na mwaka 1967 tawala zote za kifalme Uganda zilifutwa, zisirudishwe hata mwaka 1993. Siku ile ya vita vyombo viliharibiwa na wapigaji wakatawanyika. Muziki wa entenga, uliokuwa umelindwa vizuri mno ndani ya ua wa mtu mmoja, ulikaribia kufa kwa pigo moja. Amadinda hayakukatika vivyo hivyo, kwa maana yalikwisha kupata wanafunzi nje ya ua. Evaristo Muyinda, aliyekuwa mpigaji wa ikulu, alikuwa akifanya kazi katika Makumbusho ya Uganda, akipiga na kufundisha. Mwaka 1959 hata Gerhard Kubik, kijana kutoka Austria, alijifunza kwake. Na Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho hayo, alizunguka nchini tangu mwaka 1949 hata 1952 akizinasa sauti za wapigaji na waimbaji kwa mashine. Sauti hizo zilihifadhiwa London, na miaka mingi baadaye nakala zake zikarudishwa Makerere. Zaidi ya hayo, katika miaka ya karibuni, walimu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Kyambogo walimtafuta mzee mmoja aliyesalia katika wapigaji wa entenga, naye akawafundisha vijana.

Wako wasemao, “Ngoma ikitolewa kijijini au ikulu na kuletwa jukwaani, imekufa. Watu wameketi vitini, wanapiga makofi, wanakwenda zao. Hapana arusi, wala mavuno, wala msiba.” Neno hili si la kudharauliwa. Kweli, ngoma ya mavuno pasipo mavuno imepungukiwa na sababu yake. Lakini mambo ya mwaka 1966 yanatuonya. Entenga ilikuwa mahali pake hasa, pamoja na sababu yake na heshima yake yote, na kwa hiyo hiyo ilikaribia kupotea. Kitu kikikaa mahali pamoja tu, adui mmoja atosha kukimaliza.

Wako na wengine wasemao, “Basi, tuvilete vyote chuo kikuu, vitakuwa salama.” Hao nao wamesahau kwamba chuo kikuu pia ni ua. Usiku wa Septemba mwaka 2020 moto uliliteketeza jengo kuu la Makerere. Mwaka 1997 moto uliichoma nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa iliyoko Nairobi, ambayo Njau na wenzake waliianzisha mwaka 1965, na kazi nyingi zikapotea. Wahenga walisema, Akiba haiozi. Ni kweli kwa fedha na nafaka iliyokaushwa vema. Akiba ya sanaa huoza, isipogawanywa. Ulinzi wake ulio bora ni kuwa katika mikono ya wengi.

Basi nyumba ya sanaa ya chuo kikuu ifanye nini, ili iwe mweka amana mwaminifu?

Kwanza, imtaje mwenye sanaa. Tuseme mpiga zeze ameitwa kutoka kijijini. Katika tangazo la mlangoni jina la profesa atakayeeleza limeandikwa kwa herufi kubwa, pamoja na shahada zake zote, na chini yake pameandikwa “na mzee mmoja wa kijijini”. Mzee huyo ana jina. Ana mwalimu aliyemfundisha, na miaka mingi ya kujifunza, ambayo yapita miaka ya shahada. Asiyemtaja amemnyima haki yake, hata kama amempa chai na nauli. Na kama watu wameingia kwa kiingilio, apate ujira ulio sawa na kazi yake, usiitwe zawadi.

Pili, ifundishe watu kutenda, isiwafundishe kutazama tu. Maonyesho mazuri yaacha nyuma yake vijana wawili watatu waliokwisha kushika fimbo za marimba. Hilo ndilo tofauti ya mazishi na malezi. Yule mzee wa entenga hakutakiwa asifiwe tu. Alitakiwa afundishe, na ngoma ikapata mikono mipya.

Tatu, nyumba ifungue mlango wake, tena itoke nje yenyewe. Najua kwamba taa hulipiwa, na walinzi hulipwa, na ukumbi mbovu hautengenezwi kwa maneno. Kiingilio si dhambi. Lakini yawezekana siku moja katika mwezi kuwaachia watoto wa shule waingie bure, na yawezekana kuzipeleka picha zikatundikwe kwa wiki moja katika shule ya mbali. Tukikumbuka kwamba kazi ya Makerere ilianzia barazani, hatutasema kwamba sanaa haiwezi kukaa pasipo ukumbi mkubwa.

Labda kijana mchoraji ataninung'unikia na kusema, “Je, ni lazima nichore migomba na mitungi siku zote kwa sababu babu yangu aliviona? Amana hii ni mnyororo?” La, hasha. Baada ya Bibi Trowell, aliyeshika usimamizi wa shule ile mwaka 1958 aliwafungulia wanafunzi elimu ya sanaa ya mataifa mengine, na wengi walinufaika nayo. Arithiye shamba si lazima apande mbegu zile zile. Lakini aking'oa mipaka na kusahau ni nani aliyefyeka msitu, ametenda vibaya. Kijana na awe huru katika kazi yake, ila ajue deni lake.

Mwisho, wajibu hauko upande wa chuo kikuu peke yake. Amana isiyoulizwa husahauliwa, hata na mtu mwema. Sisi walimu wa shule ndogo twalalamika kwamba milango ya wasomi imefungwa, lakini ni wangapi kati yetu waliokwenda kuibisha? Chuo na watu ni kama wale wapigaji wawili wa amadinda wanaokabiliana: huyu akikaa kimya, mapigo ya yule yabaki mapengo matupu. Kwa hiyo ewe mwalimu uliye karibu na nyumba kama hiyo, uandike barua, uombe siku, uwachukue watoto. Na mtakapofika, usiwaulize tu, “Je, ni nzuri?” Uwafundishe kuuliza, “Imetoka kwa nani, na sisi tutamrudishia nini?”