Mwenye Maumivu na Mwenye Ufunguo

Mtu akisema anaumwa, aaminiwe kwa kauli yake tu? Wanafalsafa wameandika vitabu juu ya swali hili. Sisi wa London tunakutana nalo mbele ya kaunta ya famasi, mkononi tumeshika simu na mfukoni tiketi ya ndege.

Namfahamu mama mmoja mwenyeji wa Muheza, mkazi wa London ya mashariki kwa miaka mingi. Kazi yake ilikuwa ileile ya wengi wetu, kutunza wazee: kuwainua, kuwageuza, kuwaogesha. Mgongo ukaja kudai malipo yake. Panadoli zikashindwa, dawa nyingine zikashindwa, mwisho hospitali ikamwanzishia vidonge vya mofini, vile vinavyoyeyuka polepole tumboni, kimoja asubuhi na kimoja usiku. Vidonge 56 kwa siku 28. Havikumponya, lakini vilimrudishia usingizi na uwezo wa kupanda basi.

Alhamisi moja usiku simu ikalia kutoka nyumbani. Kaka yake amefariki, mwili uko mochwari, wanamsubiri. Tiketi ikapatikana ya Jumamosi alfajiri, kurudi baada ya wiki tatu. Akahesabu vidonge: 18, yaani siku tisa. Ijumaa asubuhi akapiga simu kwa daktari wa mtaa. Mpokezi akamwambia maombi ya dawa za namna hiyo huchukua siku mbili za kazi, na daktari anayemjua hayupo, apige Jumatatu. Jioni akaenda famasi. Cheti cha mwezi uliofuata kilikuwa kimeshafika kwenye kompyuta, lakini kina tarehe: kisitolewe kabla ya siku fulani. Siku yenyewe angekuwa Muheza.

Mfamasia alikuwa mzee wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, mmoja wa wale walioletwa hapa na familia zao mwishoni mwa miaka ya sitini. Kiswahili chake kimebaki. Mama akaacha Kiingereza, akamwomba kwa lugha ya nyumbani: ndugu yangu, nina msiba. Yule mzee akamjibu kwa lugha hiyohiyo: “Dada, nikikupa wewe kwa sababu ya Kiswahili, huyu aliyesimama nyuma yako nimnyime kwa lugha gani?” Kisha akapiga simu kwa daktari, ilikuwa imepita saa kumi na mbili na nusu, wamefunga. Akampa pole na kumwelekeza apige 111. Huko daktari wa zamu, asiyemjua wala kumwona, hakukubali kuandika mofini kwa simu.

Mama akasafiri na vidonge vyake 18. Akawa anameza kimoja kwa siku badala ya viwili, na siku za mwisho hakuwa na hata kimoja. Mwili uliozoea mofini ukinyimwa ghafla hulipiza: jasho, kutetemeka, miayo isiyokwisha, tumbo la kuhara, usiku mzima macho. Matangani wengine walisema ni malaria, wengine huzuni, shangazi mmoja akasema ni jini. Yeye alinyamaza. Utawaambiaje watu waliokuja kukuzika ndugu kwamba unaumwa kwa kukosa dawa ambayo jina lake linafanana na mambo ya vijana wa vichochoroni?

Sasa tumlaumu nani? Wepesi wa kwanza ni kumlaumu mfamasia, na nakiri hiyo ndiyo hukumu niliyoisikia mara nyingi kwenye vikao vyetu. Lakini mfamasia yule hakuwa na uwezo huo hata kama moyo wake ungelia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1971 juu ya matumizi mabaya ya dawa, na kanuni zake za 2001, zimeziweka dawa hizi katika madaraja. Dawa ya kawaida, kama ya presha, mfamasia anaweza kukupa kidogo kwa dharura ukiishiwa. Mofini hawezi. Tramado, iliyoingizwa katika daraja la tatu mwaka 2014, hawezi. Pregabalini na gabapentini, zilizofuata mwaka 2019, hawezi. Akitoa bila cheti halali ametenda kosa la jinai, na leseni yake imo hatarini.

Na ukali huu haukutoka hewani. Mwezi Januari 2000, daktari wa mtaa aitwaye Harold Shipman, wa mji wa Hyde karibu na Manchester, alitiwa hatiani kwa kuwaua wagonjwa wake 15. Tume ya Jaji Janet Smith ikaja kukuta kwamba aliowaua ni wengi zaidi. Ripoti yake ya kwanza, ya mwaka 2002, ilitaja 215. Silaha yake ilikuwa daiamofini. Aliipata kwa kuandika vyeti kwa majina ya wagonjwa, na kwa kubeba mabaki katika nyumba za marehemu. Ripoti ya nne ya tume hiyo, mwaka 2004, ilihusu dawa hizi tu. Mwaka 2006 uhai wa cheti ukapunguzwa kutoka wiki 13 hadi siku 28, mfamasia akatakiwa kuuliza anayechukua dawa ni nani, na madaktari wakashauriwa wasiandike zaidi ya dawa za siku 30. Kisha mwaka 2018 ikatoka ripoti ya hospitali ya Gosport, ambako maisha ya wagonjwa 456 yalifupishwa kwa dawa za aina hii walizopewa bila sababu ya kitabibu.

Tazama jambo moja hapo, msomaji. Shipman alikuwa daktari. Wa Gosport walikuwa wagonjwa hospitalini, hawakujiandikia chochote. Mwizi alikuwa ndani ya koti jeupe, lakini anayeonyesha kitambulisho na kuulizwa maswali leo ni mama wa Muheza. Baadaye yakaja ya Marekani, ambako vidonge vya maumivu vilivyouzwa kwa pupa viliua watu kwa maelfu mwaka baada ya mwaka, na hofu ile ikavuka bahari. Kwa hiyo sheria ina sababu zake, na sababu ni maiti halisi. Siwezi kuifanyia mzaha.

Lakini sababu ya kanuni ni jambo moja, na namna inavyomfikia mtu ni jambo lingine. Sisi wenyewe tuna msemo kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tunautumia bila kuona aibu, kwa kabila la jirani, kwa vijana wa mtaa fulani, kwa binti za watu. Ukiuchukua msemo huo ukauandika kwa lugha ya kisheria, umepata kaunta ya famasi. Tofauti ni kwamba zamu hii samaki ni sisi.

Kuishuku dawa ni busara. Mofini ni mofini hata mikononi mwa mtakatifu. Inaweza kukuua usingizini kwa kuizima pumzi. Kumshuku mtu ni tendo lingine kabisa, na mwenye maumivu hulitambua mara moja, kwa jicho la anayemhudumia na kwa jinsi sauti inavyoshuka. Mfamasia wa Kisumu alimkatalia mama lakini hakumshuku. Mpokezi wa asubuhi alimshuku; alimuuliza mara mbili kama ni kweli anasafiri.

Tatizo ni kwamba maumivu hayana shahidi. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye picha, homa hupimwa, sukari husomwa. Maumivu ni kauli tu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, walisema wahenga, na hawakusema mfamasia afanye nini maiti akija kuomba nusu saa ya nafuu. Hapa tena malezi yetu yanatuponza. Tumelelewa kujikaza. Kijana jandoni hufundishwa asikunje uso. Mama wa leba nyumbani huambiwa anyamaze. Tunafika huku, tunasema “inauma sana” kwa uso mkavu na sauti ya adabu, na mwenye kuamua anaandika: mgonjwa anaonekana mtulivu.

Wanaolijua hili kuliko wote ni wagonjwa wa selimundu. Tanzania, Uganda na Kongo ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi huzaliwa nayo, na hapa Uingereza wengi wa wenye ugonjwa huu wana asili ya Afrika na Karibi. Maumivu yake hushuka kama radi, mifupani, kifuani, na mgonjwa aliyeishi nayo tangu utoto anajua jina la dawa inayomfaa na kipimo chake. Ujuzi huohuo ndio unaomtia mashakani: mbona huyu anaitaja mofini kwa jina? Mwongozo wa kitaifa wa taasisi ya NICE, wa mwaka 2012, unasema mgonjwa aliyefika hospitali katika hali hiyo apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30. Lakini Novemba 2021 ripoti ya kamati ya wabunge na chama cha wagonjwa wa selimundu ilieleza mambo mengine: kupuuzwa, kutoaminiwa, kuchukuliwa kama watu wanaotafuta ulevi, na ubaguzi wa rangi ndani yake. Kilichoisukuma ripoti hiyo ni kifo cha kijana wa miaka 21, Evan Nathan Smith, mwaka 2019 katika hospitali moja ya kaskazini mwa London. Akiwa amelazwa kitandani, alipiga 999 kuomba oksijeni.

Na huu ni mji ambao uliufundisha ulimwengu vingine. Mwaka 1967, huko Sydenham, daktari Cicely Saunders alifungua nyumba ya St Christopher’s kwa ajili ya wagonjwa wasio na tiba. Alisisitiza kwamba mofini itolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, mgonjwa asifikishwe mahali pa kuomba. Fundisho hilo lilifika kwetu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyefariki mwaka 2025, alianzisha Hospice Africa huko Kampala, wakichanganya unga wa mofini na maji kuwa dawa ya kunywa ya bei nafuu. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini wenyewe, maana vijijini madaktari hawatoshi. Nchi maskini iliamua kumwamini muuguzi.

Hata hivyo kwa jumla kwetu dawa hii ni haba mno. Tume ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hii zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1. Kilo mia moja.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo kwenye vikao vyetu halisemwi kwa sauti. Si kila anayeishiwa mapema amefiwa. Wapo wanaoishiwa kwa sababu wamegawa. Dada yuko nyumbani na saratani ya kizazi, analia usiku kucha, hospitali iliyo karibu haina kitu. Wewe una boksi kabatini. Unatia vidonge 20 katika soksi, unampa msafiri. Sheria ya 1971 inaliita tendo hilo ugavi wa dawa za kulevya. Mama mzazi analiita ukarimu. Kisha mgawaji anarudi famasi na kusema boksi limepotea kwenye basi la 25.

Mimi nisingegawa, na sababu yangu si polisi. Kidonge cha kuyeyuka polepole kikisagwa au kukatwa ili “kifanye kazi haraka” hutoa mofini yote kwa mkupuo, na aliyeko upande wa pili hana wa kumwambia hivyo. Lakini kumwita mgawaji mwizi siwezi. Anayegawa anafanya kwa boksi moja kile ambacho dunia imeshindwa kufanya kwa tani.

Uongo wa basi la 25 ndio unaonisumbua zaidi. Unaonekana mdogo, haumdhuru yeyote aliyepo. Anayedhurika bado hajafika dukani: ni yule atakayekuja wiki ijayo, ambaye boksi lake kweli limepotea kwenye basi. Imani ya mfamasia ni kama kisima cha kijiji, na kila uongo wa huruma ni ndoo iliyochotwa bila kurudishwa. Ndiyo maana nadhani mgonjwa ana wajibu wa ukweli hata mbele ya mtu mwenye shaka, na naelewa ni wajibu mzito, kwa kuwa ukweli wenyewe unaweza kumpeleka pabaya.

Mwenye ufunguo naye ana deni. Halazimiki kusema ndiyo. Analazimika asilifanye “hapana” kuwa mwisho wa maneno: apige simu, amtafute daktari mwingine wa zamu, aulize kama cheti kipya cha siku chache kinaweza kuandikwa. Daktari anaruhusiwa kufanya hivyo. Kuandika mapema kwa mgonjwa anayesafiri si kosa. Mfumo mzima umejengwa kwa mtu anayepanga likizo miezi mitatu kabla. Safari zetu nyingi hupangwa na mauti, na mauti hayapigi hodi.

Basi, anayetumia dawa hizi amwambie daktari wake mapema kwamba ana wazee na ndugu nyumbani, kwamba anaweza kuitwa usiku mmoja, na aombe jambo hilo liandikwe kwenye faili lake ili hata daktari mgeni alisome. Aombe na barua ya kusafiria yenye jina lake, majina ya dawa, vipimo na tarehe. Kwa dawa zisizofikia miezi mitatu barua inatosha kutokea Uingereza. Kuanzia miezi mitatu inatakiwa leseni ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Sheria za nchi anakokwenda aziulize ubalozini. Baadhi ya madaktari hutoza ada kwa barua hiyo.