Sababu Hujulikanaje? Tafakuri juu ya Saketi ya Kuwasha Taratibu

Miongoni mwa maswali makongwe ya falsafa ni lile la namna akili inavyoijua sababu, kwa kuwa macho huona tukio moja likifuata jingine, lakini hayauoni ulazima unaodaiwa kuyaunganisha. Al-Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa, alishikilia kwamba watu wamezoea kuiona pamba ikiungua inapokutana na moto, na kwamba mazoea hayo hayathibitishi kuwa moto ndio unaounguza. David Hume naye, mwaka 1748, aliijenga imani ya sababu juu ya mazoea. Ibn Rushd alimjibu al-Ghazali kwamba anayekana sababu ameikana akili yenyewe.

Mjadala huo humfikia hata anayejiundia amplifaya nyumbani. Transfoma kubwa ya duara, inapopewa umeme wa volti 230, huweza kuvuta kwa muda mfupi sana mkondo unaozidi ule wa kawaida mara nyingi, kwa sababu kiini chake hushiba usumaku na kapasita zinazofuata, yaani vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme, huwa hazina chaji. Saketi ya kuwasha taratibu huupitisha mkondo huo kwanza katika rezista, yaani kifaa kinachoupinga, ambayo ikiwa ya omu 47 huuzuia usizidi takriban ampea 7. Baada ya muda wa kama sekunde moja, rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, hufunga na kuupa mkondo njia isiyopitia rezista.

Hitilafu inayosumbua zaidi ni ile isiyotokea kila mara: fyuzi hukatika leo, kesho haikatiki, na fundi mwenye pupa huilaumu transfoma au huweka fyuzi kubwa zaidi. Huenda kumbe kapasita ndogo inayopima muda wa rilei bado ina chaji pale amplifaya inapozimwa na kuwashwa upesi, hivyo rilei hufunga papo hapo na rezista haipati nafasi ya kufanya kazi. Hata hapo fyuzi huweza kusalimika, kwa kuwa umeme wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kila sekunde, na transfoma iliyowashwa karibu na nukta hiyo ndiyo huvuta mkondo mkubwa zaidi.

Njia ya tofauti aliyoifafanua John Stuart Mill mwaka 1843 yafaa hapa: hubadilishwa jambo moja tu, mengine yakiachwa yalivyo. Fundi hurefusha muda kati ya kuzima na kuwasha, akiusikiliza mlio wa rilei, kwani mlio huo husema kweli kila mara ilhali fyuzi husema mara chache. Kisha huiwekea kapasita njia ya kumwaga chaji, na baadaye huiondoa ili aone kama mlio utarudi kuwahi.

Kwa hiyo onyo la al-Ghazali linabaki kuwa kinga dhidi ya pupa, na hoja ya Ibn Rushd inabaki kuwa wajibu wa kutafuta. Anayeongeza ukubwa wa fyuzi kabla ya kuijua sababu hajatengeneza kitu. Amekiondolea chombo ulinzi wake, na amewaweka walio karibu nacho katika hatari ya moto. Basi kila fundi na aijue sababu kwanza, ndipo aseme kwamba ametengeneza.