Kukisia kwa Fedha ya Mwingine

Kukisia si kosa. Kila atafutaye chanzo cha jambo huanza na dhana, awe tabibu, hakimu au fundi makenika aliyeinama juu ya injini. Swali linalonishughulisha ni jingine: dhana ikishindwa, nani alipe? Na yule aliyeuza dhana yake kwa bei ya ujuzi, tumwite nani?

Gari kuukuu la dizeli hulipima vizuri swali hili. Injini yake haina plagi za cheche kama ya petroli. Huigandamiza hewa mpaka ikabaki kama sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake wa awali, nayo hewa hupata moto kupita nyuzi 500 za Selisiasi. Ndipo dizeli hunyunyizwa ndani ikawaka yenyewe. Basi injini ikikataa kuwaka asubuhi, aghalabu ama joto halitoshi, ama dizeli haifiki. Kipo kipimo kisichogharimu hata senti: mmoja apige stata, mwingine atazame bomba la moshi. Ukitoka moshi mweupe, dizeli inafika lakini haiungui. Usipotoka moshi wowote, shuku njia ya dizeli kwanza.

Jirani yangu hapa Njombe, ambako asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali, alinunua pikapu ya dizeli iliyotumika, ya kubebea viazi. Alfajiri haikuwaka mpaka isukumwe. Fundi wa kwanza alisema bila kusita, "Ni nozeli." Zikabadilishwa. Mara ya pili, "Ni plagi za kupasha moto." Zikabadilishwa. Mara ya tatu akasema, "Tufungue pampu tuone," na jirani akauza mtamba. Fundi wa pili, kijana asiye na maneno mengi, aliuliza kwanza habari za moshi. Haukuwapo. Akaufuata mpira wa dizeli kutoka tangini, akakuta ufa karibu na filta: usiku dizeli ilirudi tangini, hewa ikachukua nafasi yake. Kipande cha mpira na klipu mbili, akatoa hewa kwa pampu ya mkono, kazi ikaisha.

Jirani akanijia. "Mwalimu, yule wa kwanza si mwizi? Nimpeleke barazani?"

Nilimjibu kwamba si mwizi, maana mwizi anajua kuwa anaiba. Wala si mwongo, kwani yamkini aliyaamini aliyoyasema. Kosa lake ni kusema "ni nozeli" mahali palipostahili "nadhani ni nozeli." Neno hilo dogo lingempa mwenye gari nafasi ya kuamua kama anataka kuiingiza fedha yake katika bahati nasibu. Tena alianza na cha ghali akakiacha cha bure. Akisiaye kwa fedha yake mwenyewe hafanyi hivyo kamwe.

Sisemi kwamba sisi wenye magari hatuna sehemu yetu. Fundi akisema, "Bado sijui, niachie siku moja," tunamdharau, tukamkimbilia anayejibu kabla boneti haijafunguka. Hata walimu wanafunzi niliowalea chuoni waliogopa kusema "sijui" mbele ya darasa kuliko walivyoogopa kufundisha uongo. Woga huo naufahamu, lakini gharama yake aibebe mwenye woga.

Hawakufika barazani, walikaa na wazee wawili, nami nikiwapo. Nozeli na plagi zimebaki ndani ya gari, hivyo hatukuzidai. Tulitaka arudishe ujira wa ufundi, mara zote tatu. Akakubali mbili, akaikataa ya tatu: pampu hakusema ni mbovu, alisema tuifungue tuone, na mwenye gari akaridhia. Kwa kipimo changu mwenyewe hoja hiyo ina nguvu, nami nilisema hivyo mbele yao. Jirani hakuniamkia kwa juma zima. Sasa tunasalimiana, ila kila tukikutana huniuliza habari za mtamba wake.