Mtaji wa Karata na Fedha za Nyumba

Kuna swali ambalo waume wengine hujiuliza kimyakimya, na wake zao hulisikia maji yakiwa yamekwisha kuzidi unga: mtu anayeanza kucheza karata za poka kwa fedha, katika kasino au kwenye simu, anahitaji mtaji kiasi gani? Tusilikimbie swali hili. Jibu lake likieleweka vizuri laweza kuiokoa nyumba.

Wazoefu wa mchezo huo wana kanuni yao. Anayecheza mezani huambiwa awe na fedha za kuketi mara 20 hadi 30. Kama kuketi mara moja ni shilingi 500, basi aweke kando shilingi 10,000 hadi 15,000. Kwa mashindano, ambako wengi hutoka mikono mitupu na wachache hugawana zawadi, hushauriwa viingilio 50 hadi 100, hata zaidi. Sababu ni kwamba hata mchezaji hodari hupata karata mbaya kwa siku nyingi mfululizo. Asipokuwa na akiba, atafilisika kabla ustadi wake haujazaa matunda.

Umeona? Wanaoujua mchezo ndio wanaokiri kwamba fedha hizo zaweza kwisha zote. Mtaji wa duka si hivyo. Wateja wasipokuja leo, sukari na unga vitabaki rafuni mpaka kesho. Mtaji wa karata ni fedha ambazo mwenyewe amekubali tangu mwanzo kwamba huenda asizione tena.

Tena, mtaji mkubwa humsaidia yule tu ambaye tayari anawazidi wenzake. Mwenye meza huchukua fungu lake katika fedha zinazochezwa. Kwa hiyo wachezaji wakilingana kwa ujuzi, mwishowe wote hupungukiwa. Na anayeanza halingani nao, yuko nyuma. Ukimpa fedha za kuketi mara 30 hujamkinga na hasara, umemrefushia tu njia ya kuifikia.

Utasema, "Mbona wako waliotajirika?" Ni kweli. Mwaka 2003 mhasibu Mmarekani, Chris Moneymaker, alishinda dola milioni 2.5 mjini Las Vegas, baada ya kupata nafasi kupitia shindano dogo la intaneti ambalo kiingilio chake hakikufika dola 100. Lakini walioingia katika mashindano yale walikuwa 839. Yeye anakumbukwa. Walio wengi waliondoka bila kupata chochote, na hakuna anayewasimulia.

Sasa turudi nyumbani. Mwisho wa mwezi unatenga shilingi 10,000 na kusema moyoni, "Hizi hata zikipotea, basi." Je, ni nani aliyekuruhusu kuzipoteza? Siku ya arusi hukutoa nafsi yako na kuubakiza mfuko. Ndani ya fedha hizo mna karo, kodi ya nyumba na dawa ya mtoto. Kanisa halifundishi kwamba mchezo wa bahati ni dhambi kwa asili yake. Katekisimu, katika namba 2413, inasema haukubaliki pale unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa ya kamari yaweza kuwa utumwa.

Basi jipime hivi. Kabla ya kucheza, mwambie mwenzako kiasi chenyewe, kisha kiandikeni katika daftari la nyumba, chini ya karo na kodi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkono ukisita kuandika, umekwisha kupata jibu. Wala usijifariji kwamba ukishinda utamfurahisha. Ushindi wa siri hukuzoeza kuishi na siri, na siri hiyo ndiyo itakayokuwepo siku ya kushindwa.

Nawe mama, usingoje kupekua simu yake usiku. Uliza kwa upole, mezani, watoto wakiwa wamelala. Na kama deni limekwisha kuingia, semeni mapema, mtafute msaada wa mtu mnayemwamini.

Anayeanza anahitaji mtaji kiasi gani? Kile tu ambacho ninyi wawili mmekubaliana kukikosa bila mtoto yeyote kukosa chochote. Katika nyumba nyingi, tukisema kweli, kiasi hicho ni sufuri.